Kupima mtambao wa metali bila kungoja miaka 30

Mhandisi anayesanifu bomba la mvuke la mtambo wa umeme ana tatizo la kalenda. Bomba litabeba mvuke wa nyuzijoto 600, kwa shinikizo kubwa, usiku na mchana, kwa miaka 30 au zaidi. Feleji aliyoichagua imebuniwa juzi tu, na hakuna mahali popote duniani ilipowahi kukaa kwenye joto hilo kwa muda wote huo. Hata hivyo anatakiwa aweke saini leo kwamba bomba halitapasuka.

Kama hofu ingekuwa ya kukatika papo hapo, kazi ingekuwa ndogo. Nguvu ya metali hupimwa kwa dakika chache: unaibana sampuli kwenye mashine, unaivuta mpaka inakatika, unasoma namba. Kinachomnyima usingizi ni jambo jingine. Metali iliyo kwenye joto kali, ikibebeshwa mzigo ambao ikiwa baridi ingeubeba bila shida, huanza kurefuka kidogo kidogo. Hurefuka kwa kasi ambayo jicho halioni, kwa miaka, kisha vitundu huanza kujitokeza ndani yake, vitundu huungana kuwa ufa, na siku moja inaachia. Huo ndio mtambao. Mzigo haukuongezwa wala joto halikupandishwa. Kilichoongezeka ni muda peke yake.

Muda huo maabara haina pa kuununua. Viwango vingi vya boila na vyombo vya shinikizo huuliza swali moja: ni mkazo gani, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo, utakaoivunja metali hii baada ya saa 100,000 katika joto fulani? Saa 100,000 ni zaidi ya miaka 11, na hata hizo ni theluthi tu ya maisha ya mtambo. Kwa hiyo kila anayetaka kuingiza aloi mpya kazini hutafuta njia ya mkato, na njia hizo zipo nyingi. Ukizitazama vizuri utaona zinaangukia makundi mawili. Kuna zinazoiharakisha metali, yaani kuitesa zaidi ili ife mapema. Kuna zinazomharakisha mpimaji, yaani kuiacha metali iende mwendo wake huku yeye akichuma habari nyingi zaidi katika kila saa. Mara nyingi makundi haya hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Hatari zake hazifanani hata kidogo.

Joto la nani?

Si lazima metali iwe nyekundu ndipo itambae. Kinachohesabika ni umbali wake na kiwango chake cha kuyeyuka, na hesabu hiyo hufanywa kwa kelvini, yaani nyuzi zinazohesabiwa kutoka sifuri kabisa. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, sawa na kelvini 600. Chumba cha kawaida kina kelvini karibu 300. Maana yake risasi iliyotulia chumbani tayari iko nusu ya njia ya kuyeyuka, ndiyo sababu mabomba na mabamba ya risasi kwenye majengo ya kale hulegea na kushuka kwa uzito wake yenyewe. Tungsteni huyeyuka kwa zaidi ya nyuzijoto 3,400, lakini uzi wa balbu ya zamani hufanya kazi kwenye zaidi ya nyuzijoto 2,500, nao pia hulegea. Watengenezaji wa balbu waliutibu kwa kuchanganya potasiamu kidogo mno, ambayo huacha viputo visivyoonekana kwa macho, na viputo hivyo huzuia mipaka ya punje za metali isisogee. Kwa metali nyingi, mtambao huanza kuhesabika joto linapofika kama asilimia 30 hadi 40 ya kiwango cha kuyeyuka.

Mfano mkali kuliko yote ni mapanga ya turbini kwenye injini ya ndege. Gesi inayoyapitia katika injini za kisasa ina joto kuliko kiwango cha kuyeyuka cha aloi yenyewe. Mapanga hayayeyuki kwa sababu yanapozwa kwa hewa inayopita ndani yake na kuvikwa tabaka la kauri. Wakati huo huo yanazunguka kwa kasi inayoyavuta kuelekea nje. Yakirefuka kupita kiasi, ncha zake zinagusa ganda la injini.

Ndani ya metali kuna mambo kadhaa yanayoendelea kwa pamoja. Punje za metali ni fuwele, na fuwele hizo zina hitilafu za mpangilio, safu za atomu zilizokaa vibaya. Metali hubadili umbo hasa kwa hitilafu hizi kuteleza. Zikikutana na kizuizi, tuseme chembe ngumu iliyowekwa makusudi na mtengenezaji wa aloi, hunasa. Kwenye baridi habari inaishia hapo. Kwenye joto, atomu huruka na kuingia kwenye nafasi tupu zilizo jirani, hitilafu ikapata kupanda juu ya kizuizi na kuendelea na safari. Mipaka kati ya punje nayo huteleza. Na pale mkazo unapokuwa mdogo sana, punje inaweza kurefuka bila hitilafu yoyote kuteleza, kwa atomu zake tu kuhama kutoka pande zilizobanwa kwenda pande zinazovutwa.

Ninayataja haya kwa sababu moja. Kila utaratibu kati ya hizi una tabia yake mbele ya joto na mkazo, na njia nyingi za haraka hushindwa pale ambapo utaratibu uliotawala maabara sio utakaotawala mtamboni.

Jaribio lenyewe, lile la pole

Mashine ya kawaida ya kupima mtambao haina mbwembwe. Ni nguzo mbili, wenzo juu, mawe ya uzani upande mmoja na sampuli upande wa pili. Sampuli ni fimbo fupi iliyo ndani ya tanuri dogo lililosimama wima, na vipima joto vimefungwa juu, katikati na chini yake. Vijiti viwili vilivyoshikizwa kwenye sampuli hushuka nje ya tanuri na kukipelekea kifaa cha kupima urefu habari ya kila kurefuka. Ukishaning'iniza mawe, kazi yako kubwa ni kutogusa kitu.

Ukichora urefu dhidi ya muda unapata mchoro wenye sehemu tatu. Mwanzoni metali hurefuka upesi, halafu mwendo unapungua kadiri hitilafu zinavyosongamana. Baadaye unakuja mwendo wa kadiri, karibu mstari ulionyooka, ambao huchukua sehemu kubwa ya maisha ya sampuli. Mwishoni mwendo unapanda tena, mashimo yanaungana, sampuli inakatika. Mwendo ule wa katikati ndio unaonukuliwa zaidi. Kigezo kimojawapo kinachotumika katika kusanifu boila ni mwendo wa asilimia 0.01 kwa saa 1,000. Kwa sampuli yenye urefu wa kupimia wa milimita 50, hiyo ni mikromita 5 katika wiki sita. Na feleji hiyo hiyo, joto likipanda nyuzi moja tu, hutanuka zaidi ya nusu mikromita. Tanuri likiyumba, kifaa kitasoma mtambao ambao haupo.

Si ajabu basi kwamba watu wanaofanya kazi hii wana subira isiyo ya kawaida. Taasisi ya taifa ya sayansi ya vifaa ya Japani, NIMS, ilianza mwaka 1966 mradi wa kukusanya data za mtambao za feleji na aloi zinazotumika nchini humo. Sampuli mojawapo ya feleji ya kaboni iliwekwa kwenye nyuzijoto 400 mwaka 1969, na jaribio lake likasimamishwa mwaka 2011, baada ya zaidi ya saa 356,000. Wengi wa waliolianzisha walikuwa wamestaafu.

Kuitesa metali

Njia ya kwanza ya mkato ni kuongeza moto. Mwaka 1952 Larson na Miller, waliokuwa General Electric nchini Marekani, walipendekeza hesabu rahisi ambayo bado inatumika kila siku. Chukua joto kwa kelvini, ulizidishe na jumla ya namba fulani na logi ya muda kwa saa. Namba hiyo mara nyingi huwekwa 20. Ukiwa na mkazo uleule, jibu la hesabu hii linabaki lilelile, ukipima kwa joto la chini muda mrefu au joto la juu muda mfupi.

Tujaribu. Feleji inatakiwa idumu saa 100,000 kwa nyuzijoto 600, ambazo ni kelvini 873. Logi ya 100,000 ni 5, na 873 mara 25 ni 21,825. Pandisha joto hadi 650 bila kugusa mkazo: gawa 21,825 kwa 923, toa 20, inabaki 3.65, ambayo ni saa 4,400 hivi. Miaka 11 imekuwa miezi sita. Pandisha hadi 700 na inabaki 2.43, yaani saa 270. Miezi sita imekuwa siku 11.

Hapo kila meneja hutabasamu. Lakini hesabu hiyo haikai upande mmoja, na mhandisi huitumia kwa kurudi nyuma. Amepima kwa nyuzi 700, sampuli imekatika saa ya 270, sasa anataka kujua ingedumu muda gani kwa 600. Akitumia 20 anapata saa 100,000. Ila 20 ni wastani wa aloi nyingi, sio sheria ya maumbile. Kama namba ya kweli ya feleji yake ni 17, saa zilezile 270 zinampa saa 45,000 tu, miaka mitano na ushee. Kama ni 30, zinampa saa milioni 1.4, ambazo ni miaka 160. Data ni ileile na sampuli ni ileile, lakini jibu limetoka miaka mitano hadi karne moja na nusu kwa kubadili namba ambayo jaribio moja haliwezi kuithibitisha. Namba hiyo hupatikana kwa kupima katika joto mbalimbali, na kadiri majaribio yanavyokuwa mafupi ndivyo inavyoyumba.

Hesabu hiyo hiyo inasema pia kwamba kosa la nyuzi 10 kutoka 600 hadi 610 linakata maisha ya feleji karibu nusu. Hilo linawahusu wapimaji, na linawahusu zaidi wanaoendesha mitambo.

Tatizo la namba lina dawa: fanya majaribio mengi, tumia takwimu vizuri. Tatizo la pili halitibiki kwa takwimu. Metali iliyokaa miaka kumi kwenye joto haibaki metali ileile. Mfano uliowauma wahandisi ni feleji zenye kromiamu ya asilimia 9 hadi 12, zilizobuniwa kwa mitambo ya mvuke wa joto la juu. Nguvu yake inategemea chembe ndogo mno za nitridi za vanadiamu na niobiamu, zilizotapakaa kila mahali na kuzinasa hitilafu. Katika feleji zenye kromiamu nyingi, baada ya maelfu ya saa, huanza kuota chembe nyingine kubwa ziitwazo awamu Z. Hizo hujijenga kwa kuzila zile ndogo. Vizuizi vinatoweka, na feleji inapoteza nguvu kwa mporomoko ambao mstari uliochorwa kutoka kwenye majaribio mafupi haukuuonyesha. Data za muda mrefu zilipowasili, mikazo iliyoruhusiwa kwa baadhi ya feleji hizi ikabidi ishushwe, wakati mabomba mengine yalikwisha kufungwa mitamboni.

Ukipandisha joto ili uione awamu Z mapema, huna uhakika utaiona katika mpangilio uleule. Kila badiliko la ndani lina kasi yake, na kasi hizo hazipandi sambamba. Ndipo ilipotoka kanuni ya busara inayofuatwa Ulaya: usikisie zaidi ya mara tatu ya muda wa majaribio yako marefu kuliko yote. Ukitaka saa 100,000, uwe na za kupimwa zaidi ya 30,000. Haiharakishi sana, nakubali.

Njia ya pili ni kuongeza mkazo badala ya joto. Tangu miaka ya 1920 inajulikana kwamba mwendo wa mtambao hufuata mkazo uliopandishwa kwenye kipeo fulani. Kipeo hicho kikiwa 5, mkazo mara mbili ni mwendo mara 32. Inavutia, mpaka pale utaratibu wa ndani unapobadilika. Tuseme unapima kwa mkazo wa megapaskali 100 na unataka kujua mwendo kwa 25. Kwa kipeo cha 5 moja kwa moja, mwendo utapungua mara 1,024. Lakini kama chini ya 50 metali inahamia kwenye kile kisa cha atomu kuhama zenyewe, ambacho kipeo chake ni 1, basi umepungua mara 64 tu. Bomba linatambaa mara 16 ya ulichoahidi, na kosa limekuja upande ule wa hatari, kama kawaida yake.

Wapo waliojaribu kuufuga ukali huu. Brian Wilshire na wenzake wa Swansea, huko Wales, walipendekeza miaka ya 2000 kwamba mkazo ugawanywe kwa nguvu ya metali ya kukatika katika joto lilelile kabla ya kuchora chochote. Data zilizokuwa zimetawanyika zikajipanga, na wakaonyesha kwa feleji kadhaa kwamba majaribio yasiyozidi saa 5,000 yanaweza kukisia vizuri matokeo ya saa 100,000. Ni kazi nzuri. Hata hivyo kwa baadhi ya feleji mstari huvunjika katikati, na ili ujue unapovunjika lazima uwe na data za upande wa pili wa mvunjiko.

Kuisoma metali vizuri zaidi

Kundi la pili linanivutia zaidi, kwa kuwa halimdanganyi mtu kuhusu hali ya metali. Hapa joto linaweza kubaki lile la kazi. Unachobadilisha ni wingi wa majibu unayopata kutoka sampuli moja.

Fikiria bolti ya moto. Fundi ameikaza sawasawa, flenji imebana, mvuke hauvuji. Miezi kadhaa baadaye bolti hiyo hiyo, bila kuzunguka hata kidogo, haibani tena. Urefu wake haujabadilika, kwa sababu flenji imeushikilia. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya ule mvuto wa kuchipa, ambao ungerudi kama ungeilegeza nati, umegeuka kuwa mvuto wa kudumu. Mtambao umekula mkazo.

Jaribio la kulegea kwa mkazo hufanya hivyo kwa makusudi. Unaivuta sampuli mpaka urefu fulani, tuseme asilimia 0.2, unaufunga urefu hapo hapo, kisha unatazama mkazo unavyoshuka. Feleji yenye ugumu wa kuvutika (moduli) wa megapaskali 150,000 kwenye joto hilo itaanza na mkazo wa 300 hivi. Ukishuka megapaskali 1.5 katika saa moja, umeishapata mwendo wa mtambao: 1.5 gawa kwa 150,000, yaani asilimia 0.001 kwa saa, katika mkazo uliopo wakati huo. Dakika chache baadaye mkazo ni mdogo zaidi na mwendo ni mdogo zaidi, na hilo nalo ni jibu. Jaribio la siku moja hivi hukupa mwendo katika mikazo mingi mfululizo, kutoka wa haraka hadi ule wa polepole mara maelfu. Kwa mashine ya mawe, kila nukta kati ya hizo ingekuwa sampuli yake na miezi yake.

Bei yake ni usahihi wa joto. Nyuzi moja ya kuyumba huitanua feleji kiasi cha kubadili mkazo kwa karibu megapaskali 2, kwa sababu urefu umefungwa. Mwishoni mwa jaribio, mkazo unaposhuka kwa sehemu ndogo ya megapaskali kwa saa, mtu akifungua mlango wa maabara hewa ya baridi ikaingia, utaona kwenye mchoro. Tena metali nzima imerefuka chini ya asilimia 0.2, kwa hiyo haijafika popote karibu na kukatika. Unajua inavyotembea ikiwa nzima. Hujui itakavyokufa.

Njia nyingine, iliyoendelezwa miaka ya karibuni na watafiti wa Taasisi ya Sayansi ya India iliyopo Bengaluru pamoja na wengine, ni ya werevu ambao ungetegemea uwe umegunduliwa zamani. Badala ya kuvuta fimbo, unabana ufito wa metali upande mmoja na kuning'iniza mzigo kwenye ncha ya pili. Kwenye fimbo inayovutwa, mkazo ni mmoja kila mahali, ndiyo maana fimbo moja hutoa jibu moja. Kwenye ufito unaopinda, mkazo hauko hivyo. Karibu na mzigo ni sifuri, na unakua sawia na umbali mpaka unafika kilele penye kibano. Kila sehemu ya ufito ni jaribio linalojitegemea, na yote yanaendelea kwa pamoja, kwenye joto moja, katika metali iliyotoka kwenye kipande kimoja.

Ugumu ulikuwa kuyasoma yote hayo. Kupima ncha imeshuka kiasi gani ni rahisi, lakini huo ni mchango wa ufito mzima uliochanganyikana. Kilichofungua mlango ni kamera. Ubavu wa ufito hupakwa rangi inayostahimili joto, nyeupe chini, na juu yake hunyunyiziwa madoa meusi yasiyo na mpangilio. Kamera hupiga picha kupitia dirisha la tanuri kila baada ya muda. Kompyuta huchukua vikundi vya madoa kwenye picha ya kwanza na kuvitafuta kwenye zinazofuata. Kwa kulinganisha vilivyosogea na jirani zake, hutoa ramani ya kurefuka na kufupika kwa kila sehemu. Hapa penye kibano imerefuka hivi, milimita tano mbele imerefuka hivi.

Manufaa ya kipeo yanaonekana hapo. Kikiwa 5, sehemu yenye mkazo wa moja ya kumi ya ule wa kibanoni hutambaa polepole mara 100,000. Kwa hiyo ufito mmoja una ndani yake miendo ya kutoka wa siku chache hadi wa karne. Kamera haiwezi kuisoma yote, sehemu ya karibu na mzigo itabaki haijasogea hata kwa lenzi nzuri, lakini ile inayosomeka inatosha kuchora mstari mzima wa mkazo dhidi ya mwendo kutoka jaribio moja. Kama utaratibu unabadilika katikati, mstari utavunjika mbele ya macho yako badala ya kuvunjika mtamboni.

Kuna mitego. Metali inapoanza kung'aa, mwanga wake hufunika madoa. Dawa yake ni kuimulika kwa mwanga wa bluu na kuweka kichujio kwenye lenzi. Hewa ya moto inayopanda mbele ya dirisha huifanya picha icheze, na kompyuta huuona mchezo huo kama mtambao. Rangi hubanduka. Hesabu nayo ina ukaidi wake: mkazo ulio juu ya uso wa ufito hubadilika ufito unapoanza kutambaa, kwa sababu sehemu za nje zilizobeba mzigo mkubwa hutambaa upesi na kuutupia mzigo kwa zile za ndani, na kiasi gani kinatupwa kunategemea kipeo kile kile unachokitafuta. Bahati nzuri kuna kina fulani ndani ya ufito ambapo mkazo karibu haujali kipeo ni kipi, na hapo pana pa kuanzia. Tena upande mmoja wa ufito unavutwa na wa pili unabanwa, na aloi nyingi za kutupwa kwenye kalibu hazifanyi sawa pande hizo mbili. Wengine huhesabu hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa habari ya bure, maadamu kamera inatazama pande zote.

Kipande kidogo cha ukucha

Wakati mwingine tatizo ni kupata metali yenyewe. Aloi mpya imetoka maabara gramu chache, au unataka kujua hali ya bomba ambalo bado liko kazini na huwezi kulikata fimbo nzima. Hapo ndipo kinapoingia kisahani chenye kipenyo cha milimita 8 na unene wa nusu milimita. Kingo zake zinabanwa, gololi ya milimita 2.5 hivi inawekwa juu na kusukumwa kwa nguvu isiyobadilika, na unatazama kinavyobonyea mpaka kinatoboka. Njia hii ilianza miaka ya 1980 kwa ajili ya metali zilizopigwa mionzi ndani ya mitambo ya nyuklia, ambako kila gramu ya sampuli ni gramu ya hatari. Udhaifu wake ni kwamba mkazo ndani ya kisahani ni wa kila namna, na kuutafsiri kuwa mkazo wa fimbo iliyovutwa kunahitaji vigezo vya aloi yenyewe. Tena kwenye aloi yenye punje kubwa, unene wa nusu milimita unaweza kuwa punje moja au mbili tu, na hapo unapima bahati ya punje hizo.

Kuna pia kubonyeza kwa ncha bapa isiyotoboa, na kubonyeza kwa ncha ndogo mno kiasi cha kuchagua punje moja. Hii ya mwisho hupendwa na wanafizikia. Kwenye joto kali hata ncha ya almasi huungua ikiwa hewani, na ikikutana na chuma cha moto kaboni yake huhamia kwenye chuma, kwa hiyo kazi hufanyika kwenye ombwe na ncha huchongwa kwa vitu vingine, kwa mfano yakuti ya samawi. Matokeo ni mazuri kwa kuelewa utaratibu. Kwa kusanifu bomba, sioni mtu akiyatumia peke yake.

Yote haya kwa pamoja hupima vizuri mwendo, na kisahani hutoa fununu ya kukatika. Kati ya mwendo na kukatika kuna daraja: tangu mwaka 1956 inajulikana, kwa kazi ya Monkman na Grant, kwamba mwendo wa chini kabisa ukizidishwa na muda wa kukatika mara nyingi hutoa namba moja kwa aloi moja. Daraja hilo hubeba mengi, ila si mshono wa kuchomelea. Pembeni mwa mshono, kwenye ukanda mwembamba ambao moto wa mchomeleaji uliugusa bila kuuyeyusha, feleji za kromiamu hupoteza nguvu na huko ndiko nyufa huanza baada ya miaka mingi. Sampuli safi iliyokatwa kwenye bamba jipya haiujui ukanda huo.

Kwa hiyo kazi zimegawanyika. Ukiwa na aloi 40 za kuchuja ubaki na tatu, ufito na kamera au kulegea kwa mkazo kutakupa mpangilio wake kwa wiki chache, na hakuna sababu ya kuwasha tanuri kwa miaka. Programu za kujifunza kutoka data, zinazolishwa hifadhi kama ya NIMS, husaidia hapo pia, mradi aloi mpya isitoke mbali na zilizomo kwenye hifadhi. Zile tatu zilizobaki zitaingia kwenye mashine za mawe, na mitambo itakayojengwa nazo itaanza kazi kabla mashine hizo hazijamaliza, huku data zikiendelea kuingia.

Kwa mtambo ambao tayari ni mzee swali lenyewe hufupika. Anayeuendesha haulizi saa 100,000. Anauliza kama bomba litafika ukaguzi ujao, tuseme miaka minne mbele. Vipande vinavyotosha kuchonga visahani huchotwa kwa mashine maalumu kutoka juu ya bomba bila kulitoboa, hupimwa kwa mkazo wa kazi na joto lililopandishwa kwa hatua ndogo ndogo, na mstari unaopatikana hurudishwa hadi joto la kazi. Umbali wa kukisia ni mfupi, metali ni ileile iliyokaa miaka mtamboni pamoja na awamu zake zote zilizokwisha kuota, na tangu mwaka 2021 kiwango cha Ulaya EN 10371 kinaeleza namna ya kulifanya jaribio la kisahani ili maabara mbili zipate jibu moja.